Gari la kazi ya msituni: chagua lenye kufaa kabla akiba haijatoka kwenye simu

Wateja wetu wengi wanaoishi kando ya misitu ya kupandwa, kuanzia Kinale hadi Elburgon, Timboroa na Kaptagat, wana biashara ambazo hazionekani sana kwenye matangazo. Kuna wanaopogoa saipras, wanaopunguza miti ili iliyobaki inenepe, wanaopeleka miche shambani wakati wa mvua, wanaouza posti za ua, na wale kazi yao ni kufikisha wafanyakazi na mafuta ya misumeno mahali ambapo matatu haifiki. Serikali ilipotangaza Julai 2023 kwamba inaondoa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu Februari 2018, kesi kortini zilifuata na mambo hayakufunguka siku moja. Lakini kazi imekuwa ikirudi, na pamoja nayo swali tunaloulizwa kila mara: gari gani la bei nafuu litaingia msituni, libebe, na litoke?

Sisi ni watu wa malipo ya simu, hatuuzi magari. Tunachoona kwa karibu ni pesa zikitoka. Kwa mtu wa kawaida, au kwa chama cha watu watano, kununua gari la kazi ndiyo mara moja maishani ambapo akiba ya miaka minne au mitano huondoka kwa wiki moja. Ikiondoka vibaya hairudi kirahisi. Kwa hivyo tuongee kwanza habari ya gari lenyewe, halafu tuje kwa jinsi ya kulilipia.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano. Tuseme mko watano kwenye chama, akiba ni KSh 900,000, na mwenye kiwanda cha mbao amewapa kazi ya miezi sita: kupogoa, kutoa posti, kuzifikisha barabarani. Mtu mmoja ameshaona pikapu kwenye simu, picha zinang'aa, na muuzaji anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho.

Mzigo kwanza

Watu huanza kwa kuuliza "Toyota au Isuzu?" Anza kwa kuuliza utabeba nini, kilo ngapi, mara ngapi kwa siku.

Mbao mbichi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Mkaratusi uliokatwa jana una uzito wa karibu tani moja kwa kila mita ya ujazo, maana ndani yake maji ni mengi. Chukua posti ya ua ya kawaida, futi 8 kwa urefu na inchi 4 kwa unene. Hiyo ni karibu kilo 19. Ukipakia 50 umeshafika kilo 950, na hapo hujahesabu dereva, mwenzake, misumeno miwili na jerikani ya mafuta. Pikapu nyingi za kebini moja zimetengenezwa kubeba tani moja hivi. Zenye kebini mbili huwa zinabeba pungufu, kwa sababu ile nafasi ya abiria nayo ni uzito. Kwa maneno mengine, posti 50 ndiyo safari moja kamili. Ile picha ya pikapu iliyobeba 90 huku pua inaangalia mbinguni ni picha ya springi zinazovunjika na breki zisizoshika kwenye mteremko.

Sasa kama kazi yenu ni kupogoa tu, mzigo ni watu, mapanga, misumeno ya mkono na chakula. Hapo hamhitaji tani moja hata kidogo, na pengine hamhitaji pikapu. Kama ni kupeleka miche, uzito ni wa wastani lakini nafasi ndiyo inayosumbua, na miche haipendi kurushwarushwa. Andikeni kazi tatu mnazofanya zaidi kwa mwezi, na mzigo wa kila moja, kwenye karatasi. Gari linunuliwe kwa ajili ya ile inayojirudia. Ile ya mara moja kwa mwaka kodisheni lori.

Njia, mwinuko na lile neno 4x4

Njia za msituni nyingi hazijamwagwa murram. Wakati wa kiangazi pikapu ya magurudumu mawili yenye tairi nzuri inapita sehemu kubwa ya njia hizo bila shida. Mvua ndefu zikianza, hiyo hiyo inakaa kwenye tope siku nzima ikisubiri trekta.

4x4 inasaidia, lakini si muujiza. Kwenye pikapu za kazi kuna kawaida gia mbili za ziada: 4H ya mwendo wa kawaida kwenye utelezi, na 4L ambayo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya magurudumu zaidi ya mara mbili. Ukiwa unashuka mteremko wa tope na mzigo, 4L ndiyo inayokuokoa, kwa sababu injini yenyewe inashikilia gari na breki hazifanyi kazi yote peke yake. Magari madogo mengi ya mjini yaliyoandikwa 4WD hayana hiyo 4L. Fungua mlango uangalie kama kuna kigia cha pili au kitufe chake.

Kitu cha pili ni difu. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu linaloteleza, ndiyo maana unaona gurudumu moja linazunguka hewani na lile lililo kwenye ardhi ngumu limetulia tu. Gari lenye difu ya kufunga hulazimisha yote mawili yazunguke. Kwa maoni yetu, pikapu ya magurudumu mawili yenye difu ya kufunga na tairi mpya ni bora kuliko 4x4 yenye tairi vipara, na inakuwa rahisi kwa mfuko pia.

Tairi zenyewe: zile za meno ya wastani, zinazoitwa AT, zinatosha kwa mtu anayegawa siku yake kati ya lami na msitu. Zile za meno makubwa, MT, zinashika tope lakini zinapiga kelele kwenye lami, zinakula mafuta na huisha haraka. Na kuna ujanja usiogharimu kitu: kwenye tope laini punguza upepo hadi kama psi 20, tairi inapanuka na kushika. Ukifika barabarani jaza tena kabla ya kukimbia, la sivyo unaharibu tairi na gari linayumba. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inakaa chini ya kiti.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Nairobi wanaouza magari hawatakwambia kwa sababu hawaishi huko juu. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Stesheni ya reli ya Timboroa iko karibu mita 2,740 juu ya usawa wa bahari. Fanya hesabu: karibu robo ya nguvu imekwenda. Gari lililopanda vizuri pale Mombasa likiwa na mzigo litapumua kwa shida Timboroa, moshi mweusi ukitoka nyuma. Turbo inapunguza sana tatizo hilo.

Lakini turbo za dizeli za kisasa zina udhaifu wao. Mfumo wake wa kunyunyiza mafuta unafanya kazi kwa shinikizo kubwa mno na hauvumilii maji wala uchafu. Na sisi sote tunajua msituni mafuta hujazwa vipi: jerikani, kipande cha bomba, wakati mwingine kitambaa kikiwa ndicho chujio. Injekta zikiharibika, bei ya kuzibadilisha inaweza kumfanya mtu mzima akae chini. Ukinunua injini ya aina hiyo, weka nidhamu ya mafuta: jerikani moja iliyo safi, faneli yenye chujio, na maji yatolewe kwenye chujio la dizeli mara kwa mara. Kama unajua kabisa wafanyakazi wako hawataifuata nidhamu hiyo, tafuta injini ya zamani yenye pampu ya kimekanika na ukubali mwendo wa polepole.

Sasa magari

Tuanze na wadogo, kwa sababu ndio wanaodharauliwa. Suzuki Carry na Daihatsu Hijet, vile vilori vya Japani vya injini ya cc 660, hubeba kilo 350 kwa kiwango cha kiwanda. Vingi vina 4WD, na baadhi vilivyotengenezewa wakulima vina gia ya chini na hata difu ya kufunga. Havina uzito, kwa hivyo tope halivimezi haraka, na vikikwama watu wanne wanaweza kuvisukuma. Kwa kupeleka miche, zana na chakula cha kambi ni chaguo zuri sana. Vinatumia petroli, sawa na misumeno ya injini, ila uwe makini: petroli ya msumeno huchanganywa na oili, na jerikani hizo mbili zikibadilishana mtajua siku hiyo hiyo. Udhaifu wake ni mzigo mzito, mwendo wa barabara kuu, na usalama. Miguu ya dereva iko mbele kabisa, mbele yake ni bati tu. Tusingekishauri kwa mtu anayekwenda Nakuru na kurudi kila siku kwenye ile barabara ya malori.

Suzuki Jimny ni ya mtu anayepima miti au kusimamia kambi. Ina chasisi imara na gia ya chini, inapita karibu kila mahali. Nyuma inaingia misumeno miwili na mfuko wa unga, basi.

Kisha zipo pikapu za Isuzu, ambazo kwa mfano wetu wa chama ndizo tungeanza kuzitafuta. Sababu ya kwanza ni spea: pikapu hizi zimeunganishwa Nairobi kwa miaka mingi, na ukienda Molo, Eldoret au Nyahururu hukosi fundi anayezijua wala duka lenye spea. Hapa kuna kitu kidogo kitakachokuokolea pesa. Watu huita zote TFR, lakini katika majina ya Isuzu, TFR ni ya magurudumu mawili na TFS ndiyo 4x4. Tangazo likisema "TFR 4x4", uliza maswali. Pengine muuzaji hajui tofauti, pengine anajua sana.

Toyota Hilux ni nzuri na bei yake inajua hivyo. Hilux iliyochoka bado huuliza pesa za gari zima. Faida yake unaipata siku ya kuiuza, kwa sababu haikai sokoni. Ukiipata ya zamani isiyo na turbo, kumbuka yale ya mwinuko. Ukiipata ya turbo, msikilizishe fundi injekta kabla ya kuongea bei. Nissan na Mitsubishi L200 huwa na bei ya chini kidogo, na mara nyingi ni gari zuri lililokosa jina. Tatizo ni kama fundi wako wa karibu anazielewa. Muulize yeye kabla hujamuuliza muuzaji.

Toyota Land Cruiser ya pikapu, ile ya 79, ndiyo kila mtu wa msitu anaiota. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo haina mambo mengi ya umeme, chasisi ni nene, inabeba na haichoki. Lakini hata iliyotumika inataka mamilioni, na chama cha KSh 900,000 kikiona moja kwa bei hiyo, kiwe na wasiwasi badala ya furaha. Land Rover Defender ya zamani inapatikana kwa bei ya chini zaidi na inaingia popote. Ilikoma kutengenezwa kwa umbo lile mwaka 2016. Ni gari la mtu anayependa kushika spana Jumamosi. Kama gari likilala wiki moja nanyi kazi inalala, tafuteni kingine.

Na Probox? Tunajua mnauliza. Probox inafika mahali ambapo haifai kufika, na madereva wake ni watu wa imani. Kwa kupeleka watu hadi mwisho wa murram, sawa. Kutoa posti ndani ya msitu, hapana.

Mwisho wa orodha kuna trekta lenye trela. Kama kazi kubwa ni kuvuta magogo kutoka ndani hadi kituo cha kupakia, hakuna pikapu itakayofanya kazi hiyo bila kuuawa. Kodisheni trekta kwa kuvuta, na gari lenu libaki la watu na zana.

Kulikagua kabla hujaongea pesa

Nenda na fundi wako, mlipe ada yake, na usikubali fundi aliyeletwa na muuzaji. Lala chini ya gari. Angalia kama ile propela shafti ya mbele ipo, kwa sababu kuna wenye 4x4 ambao huitoa ili kuokoa mafuta, na anayenunua hugundua akiwa ndani ya tope. Angalia chasisi kama imechomelewa, hasa nyuma ya kebini, mahali ambapo mzigo uliozidi hukunja gari. Linganisha nambari ya chasisi na ile ya logbook, herufi kwa herufi.

Usijaribu 4x4 kwenye lami. Mfumo wa aina hii ukiwashwa kwenye lami kavu hujikaza na kuharibika. Omba mpelekwe kwenye udongo, weka 4H, halafu 4L, panda kilima kidogo, simama katikati, ondoka tena. Sikiliza difu. Muuzaji akikataa gari lisichafuke, ameshakujibu.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Ukifika ukakuta tayari ina moto, subiri au rudi kesho asubuhi.

Wanaotaka kuagiza kutoka Japani wanajua sheria: gari lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, usukani uwe kulia, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Kinachowachoma wengi ni bei ya kwenye tovuti. CIF Mombasa maana yake ni gari, bima ya safari na meli. Ushuru wa KRA haumo, gharama za bandari hazimo, wala za wakala. Omba wakala akupe hesabu nzima kwa maandishi kabla ya kutuma hata dola moja.

Karatasi

Fanya utafutaji wa gari kwenye akaunti ya NTSA kupitia eCitizen. Utaona jina la mwenye gari na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Logbook yenye majina mawili, la mtu na la mkopeshaji, inamaanisha deni bado lipo. Usikubali hadithi ya "nitalimaliza nikipata hii pesa yako". Kama kweli ni hivyo, twendeni sote kwa mkopeshaji, alipwe moja kwa moja, aondoe jina lake.

Uhamisho wa umiliki muuzaji ndiye huuanzisha kwenye akaunti yake, kisha mnunuzi anaukubali kwenye yake. Hapa vyama vina shida yao ya pekee: gari lisajiliwe kwa jina la nani? Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 na chenye PIN ya KRA kiko mahali pazuri zaidi. Gari la watu watano likiwa kwa jina la mmoja, na huyo mmoja akafariki au akakosana na wenzake, wale wanne hawana karatasi yoyote mkononi. Kama hamna njia nyingine, angalau muwe na mkataba ulioandikwa mbele ya wakili, na rekodi ya kila mtu alichangia kiasi gani. Michango iliyopita kwenye simu huonekana kwenye taarifa ya akaunti. Ile ya pesa taslimu kwenye bahasha haionekani popote.

Bima nayo ina mtego. Bima ya mizigo yako mwenyewe na bima ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo si kitu kimoja. Ukichukua ile ya kwanza kwa sababu ni rahisi, halafu ukapata ajali ukiwa umebeba posti za mteja, kampuni ina haki ya kukataa kulipa. Mwambie wakala ukweli kuhusu kazi yako. Na hili tunalisema kwa uzito: wafanyakazi wasikae juu ya mzigo. Magogo yakisogea kwenye kona, mtu aliye juu yake hana pa kushika. Pikapu ya mizigo haina bima ya abiria wa nyuma, na familia ya aliyeumia itabaki na mchango wa harambee. Hesabuni safari mbili, moja ya watu na moja ya mzigo, tangu siku mnapopanga bei ya kazi.

Mazao ya msitu pia husafirishwa na kibali cha Huduma ya Misitu Kenya. Dereva akae nacho kwenye gari, kilingane na mzigo na tarehe. Gari likishikwa halina kibali, linaweza kulala kituoni pamoja na posti zenu.

Kulipa

Sasa turudi kwa kazi yetu. Usitume "pesa ya kushikilia gari" kwa mtu ambaye hujamwona wala hujaona gari. Picha huibwa kwenye matangazo ya watu wengine kila siku. Yule "mteja mwingine anakuja kesho" mwacheni aje.

Mkishakubaliana, lipeni kwa hatua. Sehemu ndogo baada ya fundi kukagua na mkataba kutiwa sahihi, kiasi kikubwa baada ya muuzaji kuanzisha uhamisho na nyinyi kuuona kwenye akaunti yenu ya NTSA. Kabla ya kuingiza PIN, soma jina linalotokea. Kama logbook ni ya mtu mmoja na jina kwenye simu ni la "shemeji yake", simameni hapo.

Kumbukeni pia viwango. Pochi ya simu hapa Kenya hubeba hadi KSh 500,000, na muamala mmoja hauzidi KSh 250,000, na kwa siku KSh 500,000. Gari la KSh 780,000 haliwezi kulipwa lote kwa simu siku moja. Mnaweza kugawa kwa siku mbili, au kutumia PesaLink kutoka benki hadi benki, ambayo hufika KSh 999,999. Tunataja hili kwa sababu watu hugundua viwango wakiwa tayari wamesimama kwenye yadi, jioni, na kwa haraka wanatoa pesa taslimu kwa ajenti watatu tofauti na kutembea nazo kwenye mkoba. Pangeni siku moja kabla.

Muuzaji naye asiachie funguo kwa sababu ya ujumbe alioonyeshwa. Angalia salio lako. Ujumbe wa uongo huandikwa vizuri siku hizi, hata nukta ziko mahali pake. Na ukigundua umetapeliwa, piga simu kwa kituo cha wateja dakika hiyo hiyo, kisha polisi. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ile kuna uwezekano wa kuzizuia. Zikishatolewa, uwezo wetu unakuwa mdogo sana.

Je, mnunue kweli?

Tumeliacha swali hili mwisho ingawa pengine lingekuwa la kwanza. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, weka bei za kwenu. Gari linatembea km 60 kwa siku, siku 24 kwa mwezi, jumla km 1,440. Likila lita moja kwa km 10, na dizeli tuiweke KSh 170, mafuta ni KSh 24,480. Likila lita moja kwa km 7, mafuta yanafika karibu KSh 35,000. Hiyo tofauti ya KSh 10,500 kila mwezi ndiyo maana gari la bei ya chini linaweza kuwa ghali.

Ongeza KSh 6 kwa kila kilomita za sevisi na matengenezo, KSh 8,640. Tairi nne za KSh 18,000 zikidumu km 30,000, ni kama KSh 3,456 kwa mwezi. Kwa gari lile la kwanza, jumla ni KSh 36,576, kabla ya bima na mshahara wa dereva.

Sasa linganisha na kukodisha. Tuseme pikapu ya kukodi na mafuta yake ni KSh 4,000 kwa siku. Siku 24 ni KSh 96,000. Mkiwa na lenu mnabaki na KSh 59,424 zaidi kila mwezi, na gari la KSh 780,000 linajilipa kwa miezi 13 hivi. Lakini kama mvua na mapumziko yameleta kazi ya siku 8 tu kwa mwezi, kukodisha ni KSh 32,000, gharama za kuliendesha lenu ni KSh 12,192, na gari linahitaji zaidi ya miaka mitatu kujilipa. Mkataba wenu ni wa miezi sita. Hata siku zote 24 zikipatikana, kazi hiyo peke yake haimalizi kulilipia, isipokuwa mliuze baadaye kwa bei nzuri au mwe na kazi nyingine ya kufuata.

Ushauri wetu kwa chama kama hicho ni kukodisha miezi miwili ya kwanza, na kila siku kuandika kilomita, mafuta na idadi ya posti. Fungueni till ya kazi hiyo, tofauti na simu ya mtu yeyote, ili malipo ya kiwanda yaingie hapo na mafuta yatoke hapo. Baada ya siku 60 pakueni taarifa ya akaunti. Mtajua gari lilifanya kazi siku ngapi kweli, na SACCO ikiulizwa mkopo wa kujazia zile KSh 900,000 itakuwa na kitu cha kusoma.